Kuvu Inayozima Kinga, na Damu Yetu Maabarani

  

Leo nina swali ambalo watu wa huku kwetu Sigowet, Kericho, huliuliza kwa sauti ya chini, njiani wakitoka kituo cha kuuzia majani chai au wakingojea zamu zahanati: hii damu ambayo watafiti huchukua, ikishaondoka hapa inafanywa nini? Na wapo wanaoongeza: tumesikia huko maabara huitia dawa ya kuzima kinga. Kuna ukweli gani hapo?

Nitajibu bila kuzunguka. Ndiyo, katika maabara nyingi duniani ipo dawa ya kuzima kinga inayotiwa kwenye chembe za damu. Hutiwa ndani ya chupa, damu ikiwa imekwisha kutoka mwilini. Aliyeitoa ameshakwenda zake na kinga yake haijaguswa. Dawa hiyo inaitwa siklosporini, na asili yake ni kuvu. Sisemi kwamba kila maabara inayopokea damu ya Kericho huitumia. Nasema ni chombo cha kawaida katika utafiti wa kinga, na mtu anayenyoosha mkono atolewe damu ana haki ya kujua chombo hicho ni nini, kinafanya kazi gani na kikomo chake ni kipi. Maelezo nusunusu ndiyo yanayozaa uvumi.

Tuanze na kuvu yenyewe. Mkulima wa chai hahitaji kufundishwa kuiogopa. Iko ile inayoitwa Armillaria, inayoozesha mizizi ya chai. Hujificha kwenye visiki na mizizi ya miti ya msitu iliyoachwa ardhini shamba lilipofyekwa, ikasambaa kutoka mche hadi mche chini kwa chini. Ndiyo maana wataalamu wa chai hushauri mti uvuliwe gome kuzunguka shina kabla ya kukatwa, ili wanga uishe mizizini na kuvu ikose chakula. Na kwenye mahindi tunaijua kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, sumu hiyo iliwaua watu 125.

Lakini jamii hiyohiyo ya kuvu inayotengeneza sumu hutengeneza pia dawa, kwa maana sumu na dawa zote ni silaha zake za kupambana na viumbe wengine udongoni. Kampuni ya Sandoz, ya mji wa Basel nchini Uswisi, ililijua hilo. Iliwaomba wafanyakazi wake kwamba yeyote anayesafiri, kikazi au likizoni, aweke kidogo udongo wa huko kwenye mfuko wa plastiki arudi nao. Mwaka 1969 udongo mmoja ulitoka Hardangervidda, uwanda wa juu wenye baridi kali nchini Norway. Mwingine ulitoka jimbo la Wisconsin, Marekani. Ndani ya udongo wa sehemu zote mbili ilipatikana kuvu ambayo baadaye ilipewa jina Tolypocladium inflatum.

Walikuwa wanatafuta dawa ya kuua kuvu nyingine. Kwa kazi hiyo hii haikufaa sana. Hata hivyo walikuwa na utaratibu wa kuijaribu kila dawa mpya kwa njia nyingi kabla ya kuitupa, na mwaka 1972 katika maabara ya Jean-François Borel na Hartmann Stähelin panya waliopewa maji ya kuvu hiyo walishindwa kutengeneza kingamwili. Jambo lililowashangaza lilikuwa hili: dawa za kupunguza kinga za zamani zilikuwa zinaua kila chembe inayozaana haraka, mbaya na nzuri. Hii haikuua. Ilizuia tu upande mmoja wa kinga, na ukiiondoa kinga inarudi.

Mnamo 1978 daktari Roy Calne wa Cambridge, Uingereza, akaanza kuwapa dawa hiyo wagonjwa waliopandikizwa figo. Mwaka 1983 Marekani ikaiidhinisha. Upandikizaji wa figo, ini na moyo ukapata nguvu ambayo haukuwa nayo, maana mwili wa mgonjwa haukukikataa kiungo kipya kwa urahisi uleule. Hadithi hiyo ya hospitali imesimuliwa sana, nami siendi huko. Mimi naingia maabara.

Mtafiti anataka nini na dawa ya kuzima kinga? Nitoe mfano mmoja wa nyumbani. Ukitaka kujua mbwa wa boma ana kazi gani, mfunge usiku mmoja uone ni mnyama gani atakayeingia zizini. Siklosporini humfunga mbwa mmoja tu, na kwa muda tu. Wengine wote wanabaki wamefunguliwa. Kwa hiyo kitakachobadilika, mtafiti atajua kimebadilika kwa sababu ya yule mmoja.

Huyo mmoja ni nani? Katika damu kuna chembe nyeupe za aina nyingi. Mbili tutazitaja sana leo. Seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili. Seli T husaidia kuamuru, na baadhi yake huua chembe za mwili zilizokwisha kuvamiwa na virusi. Seli T inapomgundua mvamizi, kalsiamu huongezeka ndani yake. Kalsiamu huamsha kimeng'enya kiitwacho kalsineurini. Kalsineurini huifungulia njia protini nyingine iingie kwenye kiini cha seli, na huko huwashwa jeni la kutengeneza intaleukini-2, ambayo ni amri ya kuzaliana. Seli T moja inakuwa maelfu.

Mlolongo huo naueleza kwa sentensi chache. Kuufahamu kulichukua miaka, na siklosporini ndiyo iliyoongoza njia. Mwaka 1984 Robert Handschumacher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitumia kutafuta ni protini gani ndani ya seli inayonaswa na dawa hiyo. Wakaipata, ikaitwa siklofilini. Mwaka 1991 kundi la Stuart Schreiber wa Harvard likaonyesha kwamba siklosporini na siklofilini zikishikana, kwa pamoja huibana kalsineurini isifanye kazi. Dawa iliyookotwa kwenye udongo, bila mtu kujua inavyofanya kazi, ikawa ndiyo iliyowafundisha wanasayansi namna seli T inavyoamka.

Sasa nirudi karibu na nyumbani, maana kazi moja kubwa ya siklosporini maabarani ina mizizi Afrika Mashariki.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya unaokua haraka ajabu. Mwaka 1958 aliandika kuuhusu, na mwaka 1961 akatoa mhadhara London. Kati ya waliomsikiliza alikuwapo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba kuna virusi ndani yake. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinatumwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu Epstein hakuona kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege moja iliyobeba kipande ilikuta ukungu London ikageuzia Manchester. Kipande kilifika kimechelewa na maji yake yamechafuka, na yeyote angedhani kimeoza. Alipoyatazama maji hayo kwa hadubini aliona chembe hai za uvimbe zinaelea moja moja. Akazikuza zikakua, na ndani yake mwaka 1964, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, akatangaza virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr.

Virusi hivi vina tabia ambayo maabara zimeipenda: vikiingia kwenye seli B, huifanya izaane bila kukoma. Seli ya kawaida ukiiweka chupani itakufa baada ya siku chache. Iliyoingiwa na Epstein-Barr inaweza kuishi miaka na miaka, ukiilisha na kuigawa. Kwa hiyo mtafiti aliye na kijiko kidogo cha damu anaweza kupata chembe zisizokwisha za mtu huyo, akachunguza jeni zake bila kurudi kumchoma sindano.

Ila kuna kizuizi. Zaidi ya watu wazima 90 kati ya kila 100 duniani tayari wanavyo virusi hivi mwilini, wengi bila kujua, na seli T zao zimekwisha kujifunza kuvitambua. Ukiweka damu yao chupani ukatia virusi, seli B zitaanza kuzaana, kisha baada ya wiki chache seli T zilizomo humohumo zitazimaliza. Hapo ndipo siklosporini inapoingia. Mwaka 1981 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba ukiitia dawa hiyo, seli B zenye virusi huota zenyewe. Kiasi kinachotumika ni kidogo mno, mikrogramu moja hivi kwa kila mililita ya maji ya kukuzia chembe. Mpaka leo ni njia mojawapo ya kawaida. Zipo njia nyingine zenye shabaha hiyohiyo.

Hili si jambo la mbali na Wakenya. Damu ya Waluhya wa Webuye na Wamasai wa Kinyawa iligeuzwa kuwa seli zisizokufa kwa kutumia virusi vya Epstein-Barr, ikaingizwa katika mradi wa kimataifa wa kuchora ramani ya tofauti za jeni za binadamu. Seli hizo zimehifadhiwa katika taasisi ya Coriell huko New Jersey, Marekani, bila majina ya waliotoa damu, na watafiti wa nchi yoyote wanaweza kuziagiza. Mkenya aliyetoa damu Webuye miaka mingi iliyopita bado ana chembe zake zinazozaana ng'ambo ya bahari wakati huu ninapozungumza nanyi. Jambo hilo linaweza kukufurahisha au kukukera. Lisikufikie tu kama uvumi.

Na hapo maabara iliionya hospitali. Kama siklosporini huziachia seli B zenye virusi zizaane chupani, zitafanya nini ndani ya mgonjwa aliyepandikizwa figo anayeimeza kila siku? Madaktari walikuwa wameanza kuona jibu: baadhi ya wagonjwa hao walipata uvimbe wa tezi wenye virusi vya Epstein-Barr ndani yake. Tangu hapo wanaopandikizwa viungo hufuatiliwa kwa jambo hilo, na dozi hupunguzwa inapobidi.

Watoto wa Afrika hawamezi siklosporini. Kwa nini basi saratani ya Burkitt, ule uvimbe wa taya, ipatikane zaidi kwao? Jiografia yetu sisi watu wa Sigowet inasaidia kulielewa jibu. Simama juu kwenye chai, kisha ushuke Soin mpaka kwenye miwa na joto la Nyando. Unapita kutoka eneo ambalo malaria huja kwa mlipuko hadi eneo ambalo malaria ipo mwaka mzima. Watafiti, wakiwemo Ann Moormann na Rosemary Rochford, wamelinganisha watoto wa Kisumu na watoto wa nyanda za juu za Nandi. Waliwakuta wa Kisumu wana virusi vingi zaidi vya Epstein-Barr kwenye damu, na katika umri wa miaka mitano hadi tisa seli T zao zinazovitambua virusi hivyo zilikuwa zimelegea. Malaria ya mara kwa mara inadhoofisha ulinzi uleule ambao siklosporini huuzima chupani. Kilichoonekana kwenye chupa kimesaidia kukielewa kinachotokea Kisumu.

Nije sasa kwenye virusi vya Ukimwi, kwa sababu ndivyo vilivyoleta watafiti wengi Kericho. Mradi wa Walter Reed, wa taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, ukishirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, umefanya kazi hapa kwa zaidi ya miaka 20. Uchunguzi mmoja wa mwanzo, kwenye mashamba ya chai, uliwapima watu wazima wapatao 2,800 na kukuta takriban 14 kati ya kila 100 wana virusi, kiwango cha wanawake kikiwa juu kuliko cha wanaume. Baadaye ukaja utafiti ulioitwa RV217, uliofanywa Kericho, Kampala, Mbeya na Thailand. Watu zaidi ya 2,200 waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa walikubali kuchomwa kidole mara mbili kwa wiki. Kati yao 112 waliambukizwa, na kwa kuwa damu ilichukuliwa mara kwa mara, wanasayansi waliweza kuziona siku za kwanza kabisa za maambukizi, siku ambazo kwa kawaida hakuna anayezishuhudia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Vitabu vya kinga vinavyosomwa leo vyuoni vina alama za vidole vya watu wa Kericho.

Siklosporini ina sehemu yake katika hadithi ya virusi hivi, na sehemu hiyo inatufundisha namna mtafiti makini anavyofikiri. Mwaka 1993 Jeremy Luban na Stephen Goff wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikuwa wanatafuta ni protini gani za mwanadamu zinazoshikana na protini inayotengeneza ganda la virusi vya Ukimwi. Wakapata siklofilini, ileile inayonaswa na siklosporini. Wakatia dawa, na mshikamano ukavunjika. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba virusi vinavyotengenezwa dawa ikiwepo huambukiza kwa udhaifu.

Lakini mwenye akili atauliza: unajuaje kwamba ni mshikamano huo? Siklosporini hufanya mambo mawili. Hushika siklofilini, na kwa kupitia hapo hubana kalsineurini. Huenda virusi vimedhoofika kwa sababu seli T imezimwa tu. Kutenganisha mambo hayo kulihitaji dawa mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni takrolimu, inayotokana na bakteria wa udongo wa Japani: hiyo hubana kalsineurini bila kugusa siklofilini. Ya pili ni siklosporini iliyobadilishwa kidogo na wanakemia, ikabaki na uwezo wa kushika siklofilini bila kuzima kinga. Matokeo? Takrolimu haikufanya kazi ile. Siklosporini isiyozima kinga ilivizuia virusi. Hivyo ikathibitika kwamba kuzima kinga si sababu, na kwamba siri iko kwenye siklofilini.

Mwaka 2004 jambo la kushangaza zaidi likafahamika kuhusu nyani mdogo wa Amerika Kusini anayetembea usiku. Chembe zake haziambukizwi virusi vya Ukimwi maabarani. Ukitia siklosporini, zinaambukizwa. Kwa kuzifuata nyayo hizo, kundi la Luban liligundua kwamba katika ukoo wa nyani huyo jeni la siklofilini limejipachika kwenye jeni lingine la ulinzi, na protini inayotokea hulishika ganda la virusi na kuliharibu mapema. Dawa iliyogunduliwa kwa kuzima kinga ikawa tochi ya kumulika kinga ambayo hakuna aliyejua ipo.

Faida yake ni nini kwa mama wa Sigowet? Ganda la virusi, ambalo zamani lilionekana ni kifungashio tu, likaanza kuchukuliwa kuwa shabaha ya dawa. Watu wengi na tafiti nyingi zimechangia, na siklosporini ni mchango mmoja kati ya mingi. Leo ipo lenakapavia, sindano inayolishambulia ganda hilo, ingawa inalishika mahali tofauti na siklofilini. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2024, lililofanywa Uganda na Afrika Kusini, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano hiyo kila baada ya miezi sita. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Hapa lazima nitoe onyo, kwa sababu kuna njia fupi inayowavutia wanasayansi na wanasiasa vilevile. Oktoba 1985 madaktari wa hospitali moja ya Paris waliita waandishi wa habari na kutangaza kwamba siklosporini inawasaidia wagonjwa wa Ukimwi. Walikuwa wamewatibu wagonjwa wachache, kwa takriban wiki moja. Dunia ikashtuka kwa matumaini. Muda si muda baadhi ya wagonjwa walifariki, na matumaini yakafa nao. Sisi pia tulipitia hapo. Mwaka 1990 Rais Moi aliizindua Kemron, dawa ya KEMRI iliyotarajiwa kuushinda Ukimwi. Majaribio makini yaliyofuata, likiwemo la Uganda, hayakuona faida. Ufaransa na Kenya ziliteleza mahali pamoja: ziliruka kutoka dalili za mwanzo hadi kwenye tangazo. Kinachoonekana chupani ni swali zuri. Kuwa jibu kwa mgonjwa kunahitaji majaribio marefu, yenye watu wa kutosha na kundi la kulinganisha. Kwa hiyo asije mtu sokoni Sigowet akakuuzia dawa ya kuvu eti redio imesema. Siklosporini ikitumiwa ovyo huharibu figo, hupandisha shinikizo la damu na kuufungulia mwili magonjwa.

Kwa haraka nitaje kazi zake nyingine. Mwaka 1981 ilionekana kwamba inaua vimelea vya malaria kwa panya, na baadaye kwenye chupa ikaua vimelea vya binadamu pia. Haitakuwa dawa ya malaria kamwe, maana nani atakayemzimia kinga mgonjwa wa homa? Ila imewaonyesha watafiti kwamba vimelea navyo vina siklofilini na kalsineurini, na vinazitegemea. Hutumika pia katika utafiti wa namna chembe za moyo zinavyokufa zikikosa damu, na wa namna saratani inavyozitema dawa nje ya chembe zake.

Sasa tuje kwenye mali. Udongo wa Hardangervidda uliipa kampuni dawa iliyoingiza mabilioni. Norway haikupata mgao, na jambo hilo limejadiliwa huko kwa uchungu. Wakenya tunaufahamu uchungu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijidudu vilichukuliwa kwenye maziwa yetu ya magadi, Bogoria likiwa mojawapo, na vimeng'enya vyake vikaishia kwenye viwanda vya sabuni na vya kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilijitokeza kudai haki ya Kenya. Mkataba wa Nagoya wa 2010 uliandikwa kwa ajili ya mambo ya namna hiyo: anayechukua vijidudu, mimea au udongo wa nchi nyingine aombe ruhusa kwanza na wakubaliane mgao. Kenya ni mwanachama. Lakini mkataba huo haukuandikwa kwa ajili ya damu ya binadamu. Damu inalindwa na sheria za utafiti na za data, na zaidi ya yote inalindwa na ridhaa ya mwenyewe.

Ridhaa bila maelezo huacha nafasi ya uvumi. Uvumi wa mumiani, wa watu wanaonyonya damu za wenzao kwa siri, ulienea Afrika Mashariki nzima enzi za ukoloni. Wengi huucheka. Mimi siucheki. Watu waliona damu inachukuliwa na hawakuambiwa ni ya nini, wakajaza pengo wenyewe. Pengo hilo halizibwi kwa kuwaita watu wajinga. Huzibwa kwa maelezo ya kinaganaga, ya aina hii niliyojaribu kuyatoa leo, pamoja na sehemu zake zisizopendeza.

Basi mtafiti akibisha hodi kwako, mkaribishe, umpe kiti, na kabla ya kutia sahihi au kidole gumba umuulize maswali manne. Kwanza: utafiti huu una kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na cha kamati ya maadili, na namba ya simu ya kamati ni ipi? Pili: damu yangu itatumika kwa utafiti huu tu, au itahifadhiwa kwa tafiti za baadaye, na chembe zangu zitageuzwa kuwa za kudumu? Tatu: itatoka nje ya Kenya, na ikitoka nani ataamua matumizi yake? Nne: nikibadili mawazo, kitaharibiwa nini, na kipi hakiwezi kurudishwa? Ukijibiwa ukaridhika, toa damu kwa moyo mweupe, maana bila watu waliokubali tusingejua nusu ya haya. Nakala ya fomu ubaki nayo nyumbani.

Na kwa watafiti wanaotusikiliza: muda mnaotumia kuyajibu maswali hayo ni sehemu ya utafiti wenyewe. Asiyeweza kumweleza kogo, yaani bibi, wa Sigowet, kwa Kipsigis au kwa Kiswahili, atakachoifanyia damu yake, hajawa tayari kuichukua.